Mtetezi wa Gongoni Achagua Masomo

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Padri aliniita baada ya misa. Kuna nafasi moja tu ya masomo na tunaoitaka ni wawili: mimi, na Ambrosi, mwalimu mwenzangu, ambaye mpaka leo hufungiwa tai na mama yake. Atakayeipata atachagua mwenyewe: sheria, Uingereza, miaka mitano, au ustawi wa jamii, Makerere, miaka miwili. Nikamwambia Padri nataka kutetea wanyonge, kwa njia yoyote. Akasema Jumamosi atawauliza majirani zetu, wao ndio wanaotujua. Vizuri sana. Gongoni nzima inanijua.

Ila nichague lipi? Wakili ana joho. Bwana ustawi ana baiskeli ya serikali. Si jambo dogo. Nimeamua kuvijaribu vyote viwili kwanza, na kesi ninayo nyumbani. Mama mdogo Veneranda, mdogo wa marehemu mama yangu, amefiwa na mume. Shemeji yake, Masolwa, ndugu wa huyo mume, amekuja kutoka Choma na anaikodolea macho nyumba. Hayo hayakutosha: Mfaume, Mzaramo wa reli, ametandika mkeka mlangoni tangu matanga yaanze, anatangaza kwamba marehemu alikuwa mpagazi wake, kwa hiyo nyumba ni yake. Watu wanacheka. Najua ni mtani. Wazaramo na sisi Wanyamwezi tumetaniana tangu enzi za misafara ya pwani. Lakini nyumba ni nyumba. Kesho tunaanza na sheria.

Jumanne, 4 Agosti

Ushindi! Kitabu changu cha sheria (nilikinunua dukani kwa Kurban, hakina jalada wala kurasa za mwanzo) kinasema wazi: akaliaye mali ya mtu bila haki ni mvamizi. Nimemshtaki Mfaume barazani kwa niaba ya mama mdogo. Sikumsumbua kumwuliza, ana msiba. Nilizungumza mpaka karani akaweka kalamu chini. Hakimu aliuliza mara mbili kama kweli namshtaki mtani kwa utani. Nikamjibu kwamba sheria haina mtani. Wazee wakatazamana. Nadhani hawajawahi kusikia hoja kali namna ile.

Mfaume akasema ikiwa wenye msiba ndio wanaomfukuza, basi anakwenda. Akakunja mkeka wake. Alinitazama kwa majonzi, kama walioshindwa wote. Ambrosi alikuwepo, akauliza sasa mlangoni atakaa nani. Wivu huo.

Jumatano, 5 Agosti

Masolwa amehamia. Aliingia jana jioni, maana mlango ulikuwa wazi. Ana mke, masanduku na jogoo.

Mama mdogo amenieleza, kwa sauti ya chini ambayo sikuipenda, kwamba Mfaume alikaa pale kwa ombi lake. Masolwa asingeweza kumruka mtani wala kumkasirikia, angeaibika mbele ya watu. Angechoka, angerudi kwao. Nikamwambia mambo kama hayo huelezwa wakili mapema. Akasema hakujua kama kuna kesi. Kisha akalia. Matofali ya nyumba ile walifyatua wenyewe, yeye na mumewe, na hana pengine pa kwenda. Iliniuma sana. Nimeapa nitairudisha.

Sheria imefanya kazi yake. Sasa zamu ya ustawi.

Alhamisi, 6 Agosti

Ustawi ni rahisi mno! Ni kuongea kwa upole tu. Nilimwamkia Masolwa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikamsikiliza huku nikitikisa kichwa. Tumepatana bila neno moja kali: yeye abaki ndani, mama mdogo ahamie jikoni, uani. Masolwa alisema hajapata kukutana na kijana mwelewa kama mimi. Nilimpelekea mama mdogo habari njema. Akajifungia jikoni. Ni uchovu wa msiba.

Ijumaa, 7 Agosti

Fujo tupu. Ambrosi, ambaye hakutumwa na mtu, alikwenda stesheni kumwomba Mfaume radhi kwa niaba ya ukoo wetu! Mfaume amerudi na Wazaramo wenzake wote. Wamevaa suruali za Masolwa. Wamemchinja jogoo na kumla. Mmoja alijilaza kitandani kwa Masolwa, akadai aliliwe kama maiti. Mtaa mzima ulijaa uani kuangua vicheko, na Masolwa, kwa kuwa mtani hakasirikiwi, alicheka nao huku jasho likimtiririka. Mchana akapanda lori la kurudi Choma, na mkewe.

Mama mdogo yuko chumbani kwake, amelala usingizi mzito. Nilichungulia nikamwona. Namshukuru Mungu, tena kwa moyo wote. Lakini kisheria hakuna kilichofanywa sawasawa. Suala la suruali nitalishughulikia nikiwa wakili.

Jumapili, 9 Agosti

Nimepata! Jana Gongoni nzima ilikwenda kwa Padri kuniombea. Mama mdogo mbele, Mfaume nyuma yake, halafu hakimu, hata Kurban, ambaye wala si wa kanisa letu. Padri anasema hajaona kijana anayeombewa safari kwa bidii namna ile.

Na wamenisaidia kuchagua. Mama mdogo aliuliza kati ya Makerere na Uingereza ni wapi mbali zaidi. Akaambiwa Uingereza. Akauliza kama likizo watu hurudi nyumbani. Akaambiwa hawarudi, nauli ni kubwa mno. Wote kwa sauti moja wakasema sheria. Kurban amenipa sanduku la safari bure. Kurban, kutoa kitu bure! Nilikaribia kulia.

Namhurumia Ambrosi. Yeye alikuwa amechagua ustawi, lakini majirani walimwambia Padri wanamtaka abaki hapa hapa. Amewafundishia watoto wao miaka yote hii, na hakupatikana hata mtu mmoja wa kumwombea aende zake.