Haki Yangu ya Mipigo Miwili

Jumanne, 6 Mei

Nimeacha kazi kwa Entwistle! Miaka kumi na moja nakanda unga wa pai, na jioni bingwa wa pool wa mji mzima wa Wigan. Zawadi? Kikombe cha bati na vocha ya nyama. Darren Pickup, niliyemfundisha mimi kushika fimbo, kahamia snooker juzijuzi, ile ya meza kubwa na pesa kubwa. Sasa bustani yake ina chemchemi ya mapambo. Roho inaniuma, nakiri. Nami nahamia huko; wiki ijayo ni mchujo. Nikishinda mechi nne, nacheza na wakubwa wa kulipwa miaka miwili. Mke wangu Glenys kasema nikishindwa nirudi kwa Entwistle kwa magoti. Nimecheka.

Alhamisi, 8 Mei

Mazoezi. Meza gani hii? Kiwanja cha ndege! Darren kaniambia, sahau sheria za pool, mzee, zitakuja kukuumbua. Wivu tu. Kanipa kizibao chake cha zamani cha mashindano. Kinanibana tumbo. Nimeshukuru, meno nimeyauma.

Jumatano, 14 Mei

Nimeshinda tatu! Kifungo kimoja kimeruka.

Alhamisi, 15 Mei

Siandiki. Naandika.

Mechi ya nne, raundi ya mwisho. Imebaki mipira miwili, wa waridi na mweusi. Mpinzani wangu, bwana mmoja wa Rotherham, kaukosa kabisa wa waridi. Faulo! Naongoza. Nikapiga, nikakosa. Nikapaka chaki, nikapiga tena, ukazama vizuri ajabu. Kwetu kwenye pool, mwenzio akifanya faulo unapata mipigo miwili. Mtoto wa chekechea anajua! Refa kasema kwa upole kwamba huku ni mmoja, zamu haikuwa yangu, na pointi sita ni za mwenzangu. Kaurudisha mpira mezani. Yule bwana kaingiza yote miwili, kanipita, mechi ikaisha. Watu wakacheka. Darren kajifunika uso. Nimelia chooni, na kizibao nimekiacha hukohuko.

Ijumaa, 16 Mei

Entwistle kapiga simu mwenyewe. Nafasi yangu ipo, nianze Jumatatu, wala magoti hayatakiwi. Nimemwambia ahsante, nahamia gofu: pesa nyingi zaidi, mpira mmoja tu, na hakuna wa kukwambia zamu si yako. Glenys kaninyang'anya simu, kaomba nafasi hiyo apewe yeye. Kapewa. Hajanisemesha tangu hapo.

Safi sana. Mshahara utaingia, na mimi nitakuwa na mchana kutwa wa mazoezi.