Ombi la Kuzuia Watu Wasirudie Mchezo wa Taa Saba

Osaka,
14 Novemba 1995.

Kwa Mhariri Mkuu,
Jarida la Pedi Mbili,
Tokyo.

Ndugu Mhariri,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Kama ofisi yako haina mlango, kama yetu, basi barua hii isomee chooni. Nakusihi kwa heshima zote, neno lolote lililomo humu lisimfikie mtu wa tatu, lisichapishwe, wala lisinukuliwe hata kwa kubadilisha majina. Najua kazi yako ni kuchapisha. Lakini hata daktari wa meno hang'oi meno ya kila anayekutana naye njiani. Bahasha ichome. Ina nembo ya kampuni yetu, maana sikuwa na nyingine.

Mimi ni karani wa miaka ishirini na mitatu katika kampuni iliyotengeneza mchezo wa video uitwao Taa Saba. Kazi yangu ni kusoma zile kadi za maoni zinazowekwa ndani ya boksi la kila mchezo. Mnunuzi hujaza umri wake, mhusika anayempenda na malalamiko yake, kisha huitia kadi posta. Nimesoma kadi elfu kumi na moja za malalamiko ya watu wengine. Leo ni zamu yangu.

Nimeona tangazo lako kwamba toleo la mwaka mpya litakuwa na makala kubwa kuhusu michezo ya safari inayostahili kurudiwa, yaani ile ambayo mtu huvaa nafsi ya shujaa, akaimaliza, kisha akaianza tena tangu kijiji cha kwanza. Nimeona pia kwamba katika kura za wasomaji, Taa Saba inaongoza. Naomba, kwa unyenyekevu, uiondoe makala hiyo. Mahali pake uchapishe nyingine inayothibitisha kwamba kurudia mchezo uliokwisha ni tabia ya watu waliokosa la kufanya. Niko tayari kuiandika mwenyewe, bila jina. Sababu zangu ni hizi.

1. Mmeandika kwamba mchezo wenye miisho mingi unastahili kurudiwa. Taa Saba ina miisho kumi na sita. Nimeiona yote, kwa kuwa ni mimi niliyeihesabu ili idadi iandikwe kwenye boksi. Katika miisho kumi na minne shujaa amesimama juu ya kilima kilekile, analitazama jua lilelile, na kinachobadilika ni rangi ya joho lake. Aliyeagiza ni Mkuu wetu wa Kitengo, Bwana Kurimoto. "Wenzetu wana minane," alisema mkutanoni, akipiga meza kwa upepeo wake wa karatasi. "Sisi tuweke kumi na sita, tuwazibe midomo." Bi Tamaki wa dawati la picha akamuuliza, "Kwa hiyo, Mkuu, nichore vilima kumi na sita?" Akajibiwa, "Kilima kimoja kinatosha, mama. Wewe badilisha joho." Mhariri, mtu anayetembea saa arobaini ili aone joho la zambarau hahitaji kupiga kura. Anahitaji kununuliwa nguo.

2. Mmesifu pia uhuru wa kuchagua: mara ya kwanza uwe mpiga upanga, mara ya pili mganga, mara ya tatu mwizi. Huu ni uongo mtamu. Mimi ndiye ninayesoma kadi. Anayechagua uganga huponya watu siku moja, siku ya pili anatafuta upanga. Na anayejitapa kwamba safari hii atakuwa mtu mbaya ni dhaifu kuliko wote. Fundi wa mabomba wa Sendai, mwenye miaka arobaini na minne, ameandika hivi: "Niliapa kuwa jambazi. Nikafika kwa yule mtoto aliyepotelewa na mbwa. Nimemtafuta huyo mbwa saa mbili nzima. Hamna haya nyie!" Akamaliza mchezo mara ya pili akiwa mwema kuliko mara ya kwanza, na joho lilelile. Alirudi kufuata nini?

3. Mnawapongeza wanaoanza upya wakiwa wamebeba nguvu zao zote za safari iliyopita. Mtu anarudi kijiji cha kwanza na upanga wa kuulia miungu, halafu anamkata nao konokono, na hiyo ndiyo anayoiita burudani. Ofisini kwetu tunaye wa namna hiyo, na hakuna anayepanga foleni kumtazama. Siku hizi, kwa taarifa yako, Bwana Kurimoto anaondoka saa kumi na moja kamili jioni, jambo ambalo halijapata kuonekana katika jengo hili. Wengine wanasema ana mgonjwa nyumbani. Mimi nasema ni uvivu wa vyeo.

4. Sasa nafika penye jipu. Mchezaji akianza upya, kaseti ya mchezo inapaswa kufuta kila kitu. Mfalme hamjui tena, mbwa hamjui tena, hata mchumba wa safari iliyopita anamuuliza jina. Orodha ya vitu vya kufutwa ilikuwa na mistari mia tatu na kumi. Niliinakili mimi, kwa sababu wiki hiyo watengeneza programu walikuwa wamelala chini ya meza zao na hapakuwa na wa kuamsha mwenzake. Niliruka mstari mmoja. Ni mstari wa bibi anayeuza tofu, vile vipande vyeupe vya soya iliyogandishwa, katika kijiji cha Mizukage.

Bibi huyu anahesabu mara ulizopita dukani kwake, na kila mara ana neno jipya la kukuambia. Kwa kuwa hesabu yake haifutwi, unaweza kuanza mchezo upya, huna jina, huna rafiki, dunia nzima inakutazama kama mgeni, ukafika Mizukage, na yeye peke yake akainua kichwa na kusema: "Umerudi. Mbona safari hii umekonda?"

Hilo ni kosa, Mhariri. Ni kosa la karani. Lakini soma wanavyoandika. Binti wa miaka kumi wa Niigata: "Bibi ananikumbuka! Mama anasema haiwezekani. Tafadhali mwambieni mama." Dereva wa lori wa Kagoshima: "Nimeanza mara ya tatu. Vita siendi. Naenda kununua tofu." Kadi za namna hii nimezificha kwenye droo yangu ya chini, chini ya viatu vya mvua. Zimefika mia sita na tatu. Wachoraji wamekesha miaka miwili, muziki umepigwa na watu arobaini, miisho ni kumi na sita, na hawa wanarudi kwa sababu kuna ajuza mmoja aliyesahaulika kusahaulishwa! Watu wa namna hii ndio mnaowapa haki ya kupiga kura.

5. Utaniuliza, ikiwa kosa lenyewe linapendwa, kijana unaogopa nini? Naogopa mstari wa kumi na mbili.

Katika safari moja huwezi kupita kwa bibi zaidi ya mara nne, kwa hiyo niliagizwa nimwandikie maneno manne. Nilimwandikia kumi na mawili. Nilikuwa na mchana mtupu, na nilijua kwamba kuanzia la tano hakuna binadamu atakayeyasoma. La tano hadi la kumi na moja hayana neno: ni habari za kukonda kwa mteja, maharage, baridi na magoti yake. La kumi na mbili niliandika siku Bwana Kurimoto aliponirudishia ripoti yangu ya kadi bila kuifungua. "Shiomi, kijana wangu," alinipigapiga begani, "mimi nauza michezo, sichezi. Mwenye duka la dawa anakunywa dawa zote?" Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka nami, tena kwa sauti. Kisha nikarudi mezani, na bibi wa tofu, mara ya kumi na mbili, akasema:

"Kurimoto wa ghorofa ya tatu ni muuza samaki ambaye hajawahi kuonja samaki. Chukua tofu, mwanangu. Usiwe kama yeye."

Sasa nne zidisha kwa tatu. Dereva wa Kagoshima ameshaanza mara ya tatu. Likizo ya mwaka mpya inakuja, watoto wa nchi nzima watajifunika blanketi la meza yenye kipasha joto chini yake, machenza mkono wa kushoto, pedi ya kuchezea mkono wa kulia, bila shule. Makala yako ikitoka, kufikia tarehe tatu Januari maneno yale yatakuwa yanaimbwa uani. Nitafukuzwa kazi, na sitapata nyingine mahali popote wanapojuana, nao wanajuana kote. Mama yangu kule Wakayama ameitangazia mitaa miwili kwamba mwanawe yuko kwenye kompyuta.

Bi Tamaki ameshanusa. "We Shiomi, mbona umepauka hivyo? Ukikatwa vipande, yule bibi yako anakuuza." Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mstari wa kumi na mbili! Mdogo wangu, tafuta boksi la kuwekea vikombe vyako."

6. Usidhani nawaza nafsi yangu tu. Nawaza taifa. Tabia hii ikisifiwa magazetini haitabaki kwenye kaseti. Mjomba wangu amesikia habari za kuanza upya, na sasa anataka harusi yake irudiwe, na mke yuleyule, ila kwenye swali la mama mkwe apewe nafasi ya kujibu vingine. Mwanafunzi wa kazi katika kitengo cha hesabu alimwomba mkuu wake warudie usaili. Nchi haijengwi na watu wanaotamani kurudi kijiji cha kwanza. Kwa hiyo napendekeza kila kaseti ijifunge yenyewe shujaa anapofika kilimani. Ikishajifunga, mwenyewe aipeleke hekaluni, kama tunavyowapeleka wanasesere wakongwe, iombewe na kuchomwa kwa heshima. Atakayekutwa na kaseti iliyomalizwa baada ya siku saba aandikiwe barua mwajiri wake. Na maneno "Anza Upya" yaondolewe kwenye michezo yote, na ikiwezekana kwenye mazungumzo.

Natumaini umeona kwamba ombi langu ni dogo. Nisalimie wahariri wote, mchoraji wa ramani zenu, ambaye Mizukage ameiweka upande usio sahihi wa mto (namshukuru sana, asisahihishe), na mama anayewapikia chai, kama yupo.

Wako kwa heshima na hofu,

Shiomi Naoyuki
(jina hili likatwe kwa mkasi)

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, samahani kwa makunyanzi.

Nimeitwa na Bwana Kurimoto. Kumbe mwezi wa tisa mwandishi wako mmoja alimpigia simu akamuuliza kwa nini watu wanairudia Taa Saba. Akakosa jibu. Aliona aibu kumuuliza mtu yeyote hapa, akachukua kaseti akaenda nayo nyumbani. Hakuna mgonjwa. Saa kumi na moja zote zile alikuwa anawahi kwenda kucheza.

Aliniketisha mbele ya televisheni ya chumba cha mikutano. Bibi alikuwa pale, na neno lake la kumi na mbili chini yake, lote.

"Shiomi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Muuza samaki ni mimi?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Nimepita kwa huyu bibi mara kumi na mbili. Sasa asiyeonja samaki amefikaje hapa?"

Mhariri, nimelitafakari jambo hili tangu mchana: tusi lile halikuwa na namna yoyote ya kumfikia likiwa bado ni kweli.

"Nikipita mara ya kumi na tatu atasema nini?" akaniuliza.

"Hasemi kitu, Mkuu. Maneno yamekwisha. Anainama tu."

Alivua miwani akaifuta kwa tai, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. "Jioni ya leo naanza mara ya nne," akasema. "Bibi yule akiinama tu, nitadhani amekasirika. Mwandikie mengine. Yatoke kwenye toleo la mchezo la masika. Na ule mstari uliouruka kwenye orodha, uendelee kuuruka."

Nikamuuliza kama la kumi na mbili lifutwe.

"Liache. Aliyefika mpaka pale ana haki ya kunicheka. Na hizo kadi ulizozificha niletee zote. Bi Tamaki hajui kunyamaza."

Kwa sababu hiyo, tafadhali yapuuze yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi sita, isipokuwa habari za joho. Makala itoke. Ikiwezekana itoke ukurasa wa kwanza. Wasomaji wahimizwe kurudia mchezo, wasipungue mara tatu, na wasipite Mizukage mbiombio.

Siri, hata hivyo, ibaki siri, kwa kuwa mama hajui lolote. Usinipigie simu, simu ya ghorofa ya tatu huipokea Bwana Kurimoto mwenyewe, na tangu mchana wa leo anamsimulia kila apigaye alikofikia. Chukua kadi ya maoni kutoka boksi lolote la Taa Saba. Penye umri andika tisini na tisa. Penye mhusika unayempenda andika bibi wa tofu. Penye malalamiko, kama umekubali, andika kwamba tofu ilikuwa ya moto; kama umekataa, andika kwamba ilikuwa baridi. Usiweke jina. Kadi zote bado zinapita kwanza mikononi mwangu, na ile droo ya chini kuanzia leo siifungi.