Kibaraza Kilichopandishwa Cheo

Wananchi wote mnaarifiwa kuwa kibaraza cha nyumba yangu, hapa Tegeta, kimeteuliwa rasmi kuwa asili ya Jumba la Bunge la taifa. Mimi nilikuwa nakijua kama mahali pa kupepetea mchele.

Uteuzi ulifanywa na Kamati ya Kurejesha Asili ya Jumba hilo, kamati yenye bidii sana. Msanifu wao, binti mpole aitwaye Vaileth, alinisimulia historia huku akinisaidia kutoa chuya. Mungu ambariki.

"Bibi, jumba la kwanza lilikuwa na madirisha mengi, waheshimiwa wakawa wanachungulia nje. La pili likajengwa bila madirisha, wakalala. Sasa linajengwa la tatu. Wataalamu wamegundua tatizo ni kukosa asili."

"Na asili iko kwangu?"

"Kibaraza chako kimepata alama za juu, bibi. Kitakatwa chote, kikawekwe mapokezi."

Nilishukuru kwa heshima hiyo. Ila nilimfikiria jirani yangu Mwishehe. Alipata kiharusi, maneno yakamkimbia. Kila asubuhi mkewe humleta kibarazani, Demetria wa chapati humwekea chai ya tangawizi, naye hujifunza kusema upya. Nyumbani hasemi kitu. Sharti letu ni moja: neno likimkwama, hatumtajii. Tunasubiri. Juzi amesema "chapati", nzima nzima, mkewe akalia.

Kamati ikaja na mashine ya kukatia zege, pamoja na Mwenyekiti, Mheshimiwa Erasmus, ndani ya suti nzito.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Alitueleza kuwa mali ya Bunge haihamishwi kienyeji. Kwanza kibaraza kinatangazwa kuwa Ukumbi, sisi tuliokikalia tunakuwa wajumbe, tunapiga kura, kisha kinakatwa. Huo ndio ushirikishwaji wa wadau. Akatusomea kanuni kwa sauti nzuri: hakuna kutoka kabla ya kura, Mwenyekiti akiwemo, na hakuna kura mjumbe akiwa bado anachangia.

"Kuna mchangiaji?" akauliza, akitazama saa.

Mwishehe akanyoosha mkono wake mzima.

"Mhe..." alisema. "Mhe..."

"Mheshimiwa," Mwenyekiti akamsaidia.

"We braza, muache!" Demetria akaruka. "Hapa hatutajianagi maneno! Hiyo 'chapati' mie nimeisubiri tangu Kwaresma, na chapati ni zangu!"

"Lakini mama, nina kikao kingine mjini."

"Kanuni umesoma mwenyewe, mheshimiwa," Vaileth alisema taratibu. Akamwambia fundi azime mashine, naye akaja kukaa pembeni yangu.

Mwishehe hakuwa na haraka. Alasiri akalimaliza lile "Mheshimiwa", tukampigia makofi. Mwenyekiti naye alipiga, akavua koti, nikaona kumbe ana moyo mzuri. Alipoanza kusimama, Mwishehe akavuta pumzi, akaingia kwenye neno la pili.

Hadi ninapoandika haya, kikao kinaendelea. Mwenyekiti nimempa mto, na kanga ya kujifunika miguu. Neno la pili limefika "hatuta..." Sote tunaujua mwisho wake, hata Mwenyekiti. Ila hakuna anayemtajia.