Fundo Kwenye Mafunjo ya Salomon

Jumatano, 29 Mei

Siku mbaya. Prof Zacharie ametangaza kwamba klabu yetu ya mazingira itatuma mwanafunzi mmoja Beni, kwenye mkutano wa shule kule Bungulu. Ataeleza jinsi sisi wa Butembo tunavyokitumia kinamasi bila kukimaliza. Nikajua ni mimi. Nani mwingine amekariri kanuni zote za kinamasi mbele ya darasa? Kisha Prof akaongeza kwamba atakayekwenda lazima alete, Jumatatu, mkeka aliofuma mwenyewe kwa mafunjo ya familia yake.

Salomon, mwenzangu wa klabu, anafuma tangu utotoni. Mimi nimewahi kufuma mmoja tu. Kuku wanalala juu yake.

Falonne wa darasa letu amemwambia Salomon ana vidole vya mpiga gitaa. Vidole vyangu nilivitazama njia nzima. Vina wino.

Alhamisi, 30 Mei

Nina mpango! Salomon bado hajakata. Kukata ni Jumamosi tu. Na mtu akifunga vichwa vya mafunjo fundo, maana yake kipande hicho cha kinamasi kinapumzika: hakuna anayeingiza mundu. Fundo hufunguliwa na aliyelifunga, mbele ya kamati ya kinamasi, akieleza sababu. Hata mwizi haligusi.

Bila mafunjo, hakuna mkeka. Bila mkeka, Prof atabaki na kichwa changu.

Nilishuka baada ya masomo. Kipande cha nne, cha akina Salomon. Nimefunga fundo zuri sana. Kiatu kimoja kimebaki kwenye matope.

Jumamosi, 1 Juni

Nimesahau kanuni ya sita. Mimi! Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, familia zote zinasogea kipande kimoja, ili kila mtu apate pazuri na pabaya. Akina Salomon wamesogea cha tano. Sisi tulikuwa cha tatu; sasa cha nne ni chetu.

Mama alisimama mbele ya fundo na mundu mkononi. Ana mikeka ya harusi ya kumaliza. Akauliza ni nani mwenye roho kama hiyo. Nikasema watu wamekuwa wabaya.

Salomon alikata mafunjo marefu kuliko yeye. Kisha akampa Mama mzigo mzima, bila kuombwa. Kijana hana haya kabisa. Mama amemsifu hadi mlangoni.

Jumapili, 2 Juni

Baada ya misa nilishuka kimyakimya kulifungua. Kumbe Mama Florentine, mwenyekiti wa kamati, naye alikuwa ameshuka kulikagua, na nusu ya parokia nyuma yake. Alinikuta mikono yangu iko ndani.

"Abdias, weye njo ulifunga hii fundo?"

Kichwani hamkuwa na kitu isipokuwa kitabu cha ndege. Nikasema nimeona humo kiota cha korongo mwenye taji, nikaogopa mundu utamuua. Nikaeleza dume na jike wanavyopokezana kulalia mayai. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Mama Florentine akafuta macho.

"Mulisikia huyu mutoto? Basi fundo ibakie mupaka batoto ba ndege baruke. Na weye njo utachunga."

Falonne alinitazama. Mimi! Furaha ilidumu hadi Mama aliponisogelea sikioni.

"Na mikeka ya ndoa nitaifuma na nini? Na manyoya?"

Jumatatu, 3 Juni

Prof amenisifu mbele ya wote. Kisha amemchagua Salomon, kwa sababu mlinzi wa kiota hawezi kuacha kiota.

Salomon ataenda kusimulia korongo wangu. Aliniomba nimweleze tena taratibu, asikosee. Anataka kutaja jina langu huko Beni. Nimeshindwa hata kumchukia kwa utulivu.

Falonne alimbebea mkeka hadi kwa wenye pikipiki. Akaniambia kwa furaha: "Akirudia tutakuya naye, utatuonyesha batoto ba ndege."

Naye. Kwa nini naye?

Jumanne, 4 Juni

Nimeshinda kwenye matope nikilinda hewa. Nyumbani Mama anafuma mafunjo ya Salomon huku akimwombea safari njema. Kamati inakuja Jumamosi kuona kiota.

Nimefikiri sana, kwa unyoofu. Kosa liko wazi: Salomon. Angekuwa hajui kufuma, haya yote yasingetokea.

Lakini Mama Hadjara, jirani yetu, ana bata anayelalia mayai. Nitaomba mawili. Nyasi kidogo, manyoya kidogo. Ni nani katika kamati amesoma kitabu cha ndege? Yakianguliwa, nitasema korongo huanza hivyo.

Falonne atashuka nami hadi kwenye kiota. Salomon atasubiri barabarani. Nitaeleza kwamba ndege huyu anaogopa sana watu wanaofuma.