Paja Langu na Hesabu ya Ukoo

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Limechanika tena! Paja lile lile la kulia, upande wa ndani, pale pale. Nilikuwa nawaonyesha vijana wa klabu ya karate teke la juu. Kupanda lilipanda vizuri. Kushuka ndiko kulikokuwa na taabu. Nilisikia kitu kinaachia kama mshono wa suruali. Nikatazama suruali. Nzima.

Manasseh alicheka mpaka akakaa chini. Huyu ndiye anayeendesha kinu cha kusaga mahindi hapa Keumbu, na kwa bahati mbaya klabuni tuko sawa kwa cheo. Alisema teke langu ni zuri sana, ila lingependeza zaidi kama ningebaki nimesimama. Mshenzi.

Na wakati wenyewe! Mwalimu wetu Obura amepewa uhamisho kwenda Nakuru. Ametangaza kwamba Jumapili ya tarehe kumi na tano mimi na Manasseh tutapambana, na mshindi atarithi klabu pamoja na mkanda wake mweusi. Mkanda mweusi! Hakuna mwingine kutoka hapa mpaka Nyamira. Nautaka kuliko ninavyotaka kuoa. Mama anajua hivyo, na humlilia Mungu.

Jumanne, 3 Agosti

Sikwenda kazini kupima majani ya chai. Nilituma neno kwamba nina malaria.

Daktari wa dispensari alinibonyeza, nikapiga yowe, akasema amejua ni nini. Nipumzike mpaka mwezi uishe, kisha ninyooshe mguu kidogo kidogo. Maneno hayo hayo aliniambia wakati wa Pasaka. Na Krismasi. Mtu hana jipya.

Kinachonitesa zaidi ni choo. Chetu ni cha kuchuchumaa. Nimeamua kupunguza chakula.

Jumatano, 4 Agosti

Nilipita sokoni miguu ikiwa mbalimbali. Bosibori, muuza ndizi, aliuliza kwa sauti kama siku hizi wanaume wanatahiriwa mara mbili. Nikasema ni karate. Wakacheka zaidi.

Kila mtu ananiambia niende kwa Bathsheba. Hakuna anayejua kuchua misuli kama yeye. Wachezaji wa mpira wa Suneka wanaletwa kwake wamebebwa, wanaondoka wakikimbia. Lakini hao si wa ukoo wetu! Mimi, mume wake ni ndugu wa ukoo na baba yangu, kwa hiyo Bathsheba ni mama yangu. Na mtu hamwonyeshi mama yake paja, tena ndani, tena huko juu. Hata kulitaja mbele yake ni kuvunja chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto. Wazee wangeniitia kikao.

Tena ndiye aliyemzaa Manasseh.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimepata akili! Nyanya hana chinsoni. Nyanya anataniwa, anaitwa mke wangu, anaambiwa lolote. Kwa hiyo shida si paja. Shida ni kwamba Bathsheba ni mama, na anatakiwa awe nyanya.

Nilimpelekea mzee Onsongo tumbaku. Anakumbuka kila ndoa tangu kabla ya wazungu. Nilimwomba atafute upande wa mama yake baba yangu. Tumbaku ilifika nusu bila jibu, nikaanza kujuta. Kisha akapata! Bathsheba na mama yake baba yangu ni watoto wa madada wawili wa Nyamira. Yaani ni ndugu. Yaani Bathsheba ni nyanya yangu!

Onsongo aliuliza kama nimelifikiria jambo hili hadi mwisho. Nikamwambia mwisho wake ni paja kupona.

Jumapili, 8 Agosti

Bathsheba alikubali, kwa sharti kwamba litangazwe mbele ya watu, asije akasemwa kwamba alishika paja la mwanawe. Leo tulikusanyika kwake, tukanywa chai. Onsongo akasimama, akahesabu ukoo mpaka watu wakasinzia. Nikamwita magokoro, nyanya yangu, mbele ya wote. Naye akaniita mume wangu, tena mume asiye na mguu. Vigelegele!

Manasseh alikuwa mlangoni, unga kwenye nyusi, anatabasamu. Wivu huo.

Kisha nikachuliwa. Mikono ya yule mama ni ya chuma. Nyanya, nataka kusema.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimepona! Karibu. Nyanya anasema nisipige teke lolote mpaka niweze kuchuchumaa chooni bila kumwita Yesu. Bado namwita, lakini kwa sauti ya chini. Inatosha.

Jumapili, 15 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Uwanja ulijaa. Obura aliuning'iniza mkanda kwenye kiti, watu wakawa wanausogelea kuugusa. Mimi na Manasseh tukainamiana. Nikainua mguu. Manasseh hakujikinga hata kidogo. Aliweka mikono nyuma, akawauliza wazee, kwa upole mno, kama ni vizuri Abner, yaani mimi, ampige teke baba yake.



Mwana wa nyanya ni baba! Nilimfanya mama yake kuwa nyanya, nikamfanya yeye kuwa baba yangu, mbele ya watu, na chai nikanywa!

Onsongo akapaza sauti niteremshe mguu. Baba yangu mwenyewe alijifunika uso kwa kofia. Obura ni mtu wa ziwani, nikamtazama nikitumaini hayajui mambo haya. Akasema hata kwao haiwezekani. Akamfunga Manasseh mkanda.

Nililia. Sioni haya kusema. Baba mpya akanipa kitambaa, kisha akaniagiza nikamletee soda. Nikaenda. Ningefanyaje?

Jumatatu, 16 Agosti

Kumekucha tu, niko kwa Onsongo na tumbaku. Atafute tena! Amepata! Shangazi wa babu yangu aliolewa Suneka, na kwa hesabu ndefu ambayo sikuifuata, mimi ni baba mdogo wa Bathsheba. Manasseh ni mjukuu wangu! Babu na mjukuu wanaruhusiwa kuangushana mchana kutwa, na Obura haondoki mpaka Jumatatu ijayo, kwa hiyo pambano linaweza kurudiwa.

Nilifurahi, nikaupiga mgomba wake teke moja la juu.

Lile lile. Pale pale.

Naandika nikiwa nimelala chini ya huo mgomba. Onsongo amesema anaweza kumwita Bathsheba, lakini akinichua leo kama nyanya, basi habari ya kuwa binti yangu imekufa, na mkanda umekwenda. Na akiwa binti yangu, paja asilione kamwe. Nichague.

Nimechagua mkanda. Paja nitalitibu mwenyewe. Linataka mazoezi tu: mateke ya juu, asubuhi na jioni, kuanzia kesho.