Wakili Wangu Kutoka Ohio

Jumatatu, 3 Juni
Nimefilisika rasmi, lakini moyo uko juu! Alhamisi jaji anaamua kama kampuni ya mkopo italichukua gari langu la kuuzia hotidogi. Bila gari, mimi na mwanangu Josie tutakula nini? Ana meno mawili tu, lakini anakula! Bahati nina binamu Dwight. Wakili. Kesi za waliofilisika ndiyo kazi yake, tena hadai ndugu malipo. Kasoro moja: leseni yake ni ya jimbo la Ohio, sisi tuko jimbo la Kentucky. Kasema kwenye simu mahakama inaweza kumruhusu kwa muda, mradi mtu wa hapa amdhamini. Mtu wa hapa! Nawajua wote.

Jumanne, 4 Juni
Nimempeleka Mchungaji Ratliff mahakamani, kavaa suti ya mazishi. Karani kamtazama, kanitazama. Akasema mdhamini lazima awe wakili wa hapa, siyo mtu mwema tu. Mchungaji kanuna njia nzima.

Jumatano, 5 Juni
Mpango mpya. Nimekaa kwenye ngazi za mahakama na hotidogi za moto, nikingoja suti ya kiwakili. Ikaja moja, viatu vinang'aa. Nikamweleza yote huku Josie akimvuta tai. Akala mbili. Kisha akasema, "Dada, mimi ndiye wakili wa kampuni inayolitaka hilo gari." Aibu! Lakini alicheka mpaka haradali ikamdondokea, akanielekeza kwa Bi Opal Stumbo, wakili mkongwe, ghorofani juu ya duka la viatu. Bi Opal akauliza, "Huyo Dwight wako ana akili?" Nikasema kiasi. Akasema inatosha, atamwombea ruhusa na kesho atakaa naye mbele ya jaji.

Alhamisi, 6 Juni
Jaji kamkubali Dwight! Bi Opal alimkanyaga mguu kila alipozidisha maneno. Gari linabaki kwangu, nitalipa kidogo kidogo. Nimelia kwenye nywele za Josie, zile chache alizonazo. Jaji karudia mara mbili: ruhusa ni ya shauri hili tu, likiisha nayo imeisha.

Ijumaa, 7 Juni
Biashara imechangamka! Kila mteja namuuliza, una madeni? Binamu yangu sasa ni wakili wa Kentucky! Nimebandika picha yake ubavuni mwa gari, kubwa kuliko bei. Wanne wanakuja Jumatatu. Dwight hajui bado, atafurahi sana. Na yule jaji akiona foleni, mwenyewe atalegeza lile sharti lake.