Bidon ku Kilio ya Mama Masika

Barafiki, leo nimepata haya yenye sijapata tangu nizaliwe.

Kazi yangu munaijua: natafuta namna ya kutosha mafuta ya ndege mu vitu vya hapa kwetu, maganda ya kahawa na mafuta ya kukaangia yenye imechoka. (Bananiita docteur. Docteur ya chimie, mais mu quartier bananiletea kikohozi.)

Hapa Bulengera, mutu wa kwanza kuniwekea mafuta yenye imechoka alikuwa Mama Masika, mwenye kuuzisha mandazi. Bengine balinicheka. Yeye alikuwa anauliza tu siku gani ndege itaruka na mafuta yake. Mimi nilikuwa namujibu: karibu.

Nilikuwa Beni, kwa ndugu yangu mukubwa kule Bungulu. Njia ilifungwa, nikakawia, habari za huku hazikunifikia. Leo asubui nimerudi, nikabeba bidon yangu ya kukusanyia mafuta, mbio kwake. Mu parcelle yake, mbele ya nyumba, kuko batu bengi, bamekaa. Nikafikiri ni baclients. (Baclients gani bananyamaza vile? Sikujiuliza.) Nikaingia na sauti ya juu:

"Mama Masika, wavukire! Nimefika na bidon kubwa!"



Masika, binti yake mukubwa, akasimama. Nilipoona macho yake, nikaelewa: hapa ni kilio. 

Mbele nipate neno, mama moja wa parokia akapokea bidon, akatangazia batu kama docteur analeta mafuta ya kupikia bageni. Bazee bakanishukuru, wasingya, wasingya. Nikatikisa kichwa. (Kichwa yangu ilikubali yenyewe.) Mama yule wa parokia akainua bidon. Akaitikisa. Akaifungua, akachungulia ndani.

"Docteur, hii iko tupu."

Hakuna mwenye alicheka. Heri bangecheka.

Mume wa marehemu akaniita nikae pembeni yake. Sauti yake ilikuwa chini, mais parcelle yote ilikuwa inasikiliza.

"Mama yao alisema ndege yenye inapita hapa juu inakunywa mafuta yake. Ni kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mutu amekufa, nani ataenda kuhakikisha?

"Bado, papa. Inawaka mu labo tu, mu chupa kidogo."

 Akanishika mukono.

"Hapana kuambia bajukuu. Kila ndege ikipita, banapunga mikono."

Pale njo nililia, docteur muzima, mbele ya batu. Masika akaniletea kitambaa. Yeye mwenye kufiwa, njo alinituliza mimi.

Nilipopata nguvu, nikaenda ku soko, nikajaza bidon na mafuta ya mawese, nikairudisha ku jiko. Maharagi imepikwa. Nimekula nayo, kichwa chini.

Mwenye anataka kucheka, acheke leo yote, namuruhusu. Maziko ni kesho. Kule tafazali anyamaze, nitakuwa kati ya benye kubeba jeneza.